Klachi ya Golf na simu ya mjomba

Jumapili moja ya Februari, saa kumi na moja alfajiri, gari lilikataa kuingia gia. Naishi Bremen, nahudumia wazee, na zamu yangu ilianza saa kumi na mbili. Gari ni Golf 4 ya mwaka 2001, gia za mkono. Nikikanyaga klachi, pedeli inazama kama nakanyaga tope, halafu inarudi polepole. Nilipojaribu rivasi, giaboksi ikasaga meno mtaa mzima ukasikia. Nikapampu pedeli mara nne, gia ikaingia, nikaenda kazini roho juu.

Kesho yake gereji moja wakaliendesha dakika mbili, wakasema klachi imekwisha, giaboksi ishuke, euro 890. Hakuna aliyefungua hata boneti. Hilo liliniuma kuliko bei yenyewe, na mimi nina ada za wadogo zangu kila muhula. Nikasema nitarudi, nikampigia mjomba Tanga, ambaye yuko kwenye ufundi tangu sijaanza shule.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Ukikanyaga mafuta injini inapanda mlio, gari halichangamki?"

"Hapana."

"Harufu ya kuungua?"

"Hakuna."

"Zima injini, ingiza gia zote."

Zikaingia laini, moja mpaka tano. Nikawasha, zikakataa.

"Basi klachi yako haitelezi, baba. Inashika, ila ukikanyaga haiachanishi injini na giaboksi. Hayo ni maradhi mawili."

Akataka uhakika. Vuta hendibreki, pampu pedeli mpaka gia ya tatu iingie, achia klachi taratibu. Injini ikazima palepale. Pleti ya klachi iliyokwisha ingeteleza, injini ikaendelea kunguruma. Yangu ilikuwa bado inashika.

Tukabaki na mafuta ya klachi. Kwenye Golf hii klachi haivutwi kwa waya, inasukumwa na mafuta ya breki, na klachi na breki vinachota kopo moja. Tundu la klachi liko juu kuliko la breki, hivyo mafuta yakipungua, klachi ndiyo inayokosa kwanza na breki zinabaki. Nilipofungua boneti, mafuta yalikuwa chini ya alama ya mwisho. Nikapapasa zulia chini ya pedeli, kavu. Masta silinda ya juu, inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli, ikawa salama. Nikashuka kwenye silinda ya chini, inayosukumwa na mafuta hayo ili klachi iachie, iliyofungwa kwenye giaboksi kwa bolti mbili, nikafunua mpira wake wa vumbi. Tone jeusi likateremka kidoleni. Nilimwonyesha mjomba kwa video, akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo hapo."

Silinda mpya niliipata kwa euro 34. Hapa huwezi kulaza gari barabarani ukamwaga mafuta, lakini kuna gereji za kukodi kwa saa, unapewa lifti na spana, kazi unafanya mwenyewe. Saa mbili zilitosha. Mafuta haya yanakula rangi ya gari, kwa hiyo nilitandika matambara kila mahali. Mjomba alisisitiza pedeli isiguswe silinda ikiwa imefunguliwa, maana pistoni itaruka nje.

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ndiko kulikotaka uvumilivu. Mke wangu alikaa kwenye usukani, mimi chini na mpira uliotoka kwenye skrubu ya silinda na kuzama ndani ya chupa. "Kanyaga. Shikilia." Nafungua skrubu, mapovu yanatoka, nafunga. "Achia." Skrubu ifungwe kabla mguu haujatoka, la sivyo upepo unanyonywa tena. Mara ya kumi na kitu mapovu yakaisha, na mke wangu akasema kutoka juu, "Sasa imekuwa ngumu." Muda wote huo nilikuwa naongeza kopo mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 4, lisikauke.

Ingekuwa inateleza kweli, ningelipa giaboksi ishuke bila kinyongo, na ningebadilisha pleti, presha inayoibana na beringi inayoiachisha kwa pamoja, maana kazi kubwa ni kuishusha. Beringi hiyo ikichoka nayo husikika: inalia ukikanyaga pedeli, inanyamaza ukiachia.

Nilipompigia kumshukuru, mjomba akauliza silinda ya zamani iko wapi. Nikamwambia huku hawabadilishi mipira ya ndani, wanabadilisha silinda nzima. "Usiitupe," akasema. "Ukiniletea, naivisha mipira mipya inapata gari." Nimeifuta, nimeifunga kwenye mfuko, imo kwenye sanduku la safari ya Desemba.