Kwa nini linki yako inatokea tupu WhatsApp

Mtu anatafuta chumba cha kupanga Temeke. Kwenye grupu zinatumwa linki nne. Tatu zinakuja na picha, bei na jina la mtaa. Ya nne ni mstari mrefu wa herufi na alama za asilimia, na hakuna anayeigusa. Watu wanabana bando, tena wametapeliwa vya kutosha hadi linki isiyojieleza wanaiogopa. Wana haki ya kuogopa, na kazi ya kuwaondolea hofu hiyo ni ya mwenye tovuti.

Kadi inayotokea pamoja na linki, yaani ile picha na maelezo yake, inasomwa kwenye sehemu ya head ya ukurasa wako (sehemu ya juu ya msimbo wa HTML, isiyoonekana kwa msomaji), kupitia tagi za Open Graph, yaani mistari ya msimbo inayoeleza ukurasa unahusu nini. Utaratibu huu ulianzishwa na Facebook mwaka 2010, na leo unafuatwa pia na WhatsApp, Telegram na LinkedIn. Tagi za msingi ni nne: og:title, og:type, og:image na og:url. Ongeza og:description na og:site_name. Kwa ajili ya X (zamani Twitter), weka na twitter:card yenye thamani summary_large_image, picha itokee kubwa.

Kichwa (og:title) kianze na kitu chenyewe. "Chumba na sebule Chang'ombe, 250,000 kwa mwezi" kinamtosha msomaji kuamua. "Karibu kwenye tovuti bora ya nyumba za kupanga" hakimwambii lolote. Maneno yetu ni marefu na simu hukata mwisho wa mstari, kwa hiyo kilichowekwa mwishoni ndicho kinachopotea. Jina la biashara lina nafasi yake kwenye og:site_name. Maelezo (og:description) yasizidi sana herufi 80, na yasirudie kichwa.

Hiyo Chang'ombe inahitaji uangalifu wa peke yake, maana mafunzo mengi ya kutengeneza tovuti yameandikwa na watu ambao lugha zao hazina ng'. Ukifunga thamani ya tagi kwa alama moja ya kunukuu, yaani content='Vyumba Chang'ombe', kompyuta inadhani maneno yameishia kwenye ritifaa (ile alama ya '), na kadi inaandika "Vyumba Chang" basi. Tumia alama mbili za kunukuu, yaani content="Vyumba Chang'ombe". Kosa la pili ni programu kubadilisha ritifaa kuwa msimbo mara mbili, ndipo watu wanasoma "Chang'ombe" kwenye simu zao; hakikisha ubadilishaji unafanyika mara moja tu, pale ukurasa unapotolewa. La tatu liko kwenye anwani. Ritifaa ya kupinda ikiingia humo inageuka %E2%80%99, na ile ya kunyooka inaweza kukatisha linki ikibandikwa kwenye ujumbe. Kwenye anwani andika changombe bila alama yoyote. Ng'ombe, kung'oa, ng'ambo, yote yafuate mtindo huo.

Picha nayo ina masharti. Kipimo kinachofaa karibu kila mahali ni upana wa pikseli 1200 kwa kimo cha 630. WhatsApp inataka faili liwe chini ya KB 600, na upana usipungue pikseli 300. Ukihifadhi kwa JPEG yenye ubora wa 75 hadi 80, mara nyingi utakuwa ndani ya kiwango hicho bila macho kugundua tofauti. Usitumie SVG. Kwa kuwa kadi nyingine hukata picha kuwa mraba mdogo, bei na nembo vikae katikati, ndani ya eneo la 630 kwa 630. Anwani ya picha iandikwe nzima kuanzia https://. Ukiandika /picha/chumba.jpg peke yake, anayesoma tagi hana uhakika aifuate wapi, na kadi hutokea bila picha. Taja pia og:image:width na og:image:height, kwani Facebook ikivijua vipimo mapema inaonyesha picha tangu mtu wa kwanza anaposhea.

Kuna tovuti zenye tagi zote na bado kadi haiji. Mara nyingi sababu ni JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari. Ukurasa unaojengwa ndani ya kivinjari, kama zinavyofanya tovuti nyingi za React, mtu anauona kamili, lakini WhatsApp na Facebook hazisubiri JavaScript ifanye kazi. Zinasoma HTML iliyotoka kwenye seva na kuondoka. Zikikuta div (kisanduku cha HTML) tupu, zinaondoka mikono mitupu. Tagi zitoke kwenye seva, na zikae juu, kabla ya mafungu makubwa ya CSS (maelekezo ya mwonekano), kwa sababu WhatsApp husoma KB 300 za mwanzo. Kupima ni rahisi: kwenye dirisha la amri la kompyuta (terminal) andika curl -s ikifuatiwa na anwani yako, kisha | grep og:. Usipoona kitu hapo, WhatsApp nayo haioni.

Tazama pia kama ulinzi wa seva unazuia wageni wasio vivinjari. Facebook hujitambulisha kama facebookexternalhit; ikijibiwa 403 (yaani umekataliwa), kadi hakuna. Na og:url iwe ya ukurasa husika. Baadhi ya violezo huweka anwani ya ukurasa wa mbele kila mahali, na Facebook ikiifuata inaonyesha kadi moja ileile kwa nyumba zote.

WhatsApp ina tabia inayowachanganya wengi: kadi hutengenezwa na simu ya anayetuma. Seva yako ikiwa nzito, au mtandao wake ukiwa dhaifu, akibonyeza kutuma kabla kadi haijatokea, grupu zima linapata linki tupu. Waambie wateja na madalali wako wasubiri sekunde chache. Ujumbe uliokwisha kutumwa haubadiliki hata ukirekebisha tagi. Ukiona kadi ya zamani inang'ang'ania, ongeza ?v=2 mwishoni mwa anwani. Facebook ina Sharing Debugger yenye kitufe cha kusoma ukurasa upya. Kwa Telegram, tuma linki kwa bot iitwayo @WebpageBot ili isomwe upya.

Linki zilizo ndani ya ukurasa wenyewe zina matatizo machache zaidi, ila yanaudhi. Mtu akiandika anwani na kumaliza sentensi kwa nukta, baadhi ya programu humeza ile nukta kuwa sehemu ya linki, na msomaji anakutana na ukurasa usiopatikana. Ondoa nukta, koma na alama ya kuuliza za mwishoni. Mabano yana ugumu zaidi, maana anwani nyingi za Wikipedia huishia na mabano halali: ondoa bano la kufunga pale tu ambapo halina mwenzake wa kufungua ndani ya linki. Anwani ndefu inayosukuma ukurasa mzima upande wa kulia kwenye simu ndogo inatulizwa na amri ya CSS overflow-wrap: anywhere.

Ukifupisha anwani kwa macho ya msomaji, kata njia, usikate jina la tovuti. Tapeli anategemea mtu asione jina kamili; benki.co.tz.zawadi.xyz ni ya zawadi.xyz, na ukionyesha herufi 12 za mwanzo pekee umemsaidia. Linki walizoandika wageni zipewe rel="ugc nofollow", kuziambia injini za utafutaji kwamba si zako, na mkia wa fbclid unaoongezwa na Facebook uondolewe kabla ya kuonyeshwa; haumfikishi msomaji popote pa ziada. Mistari ya chini ya linki usiiondoe. Rangi ya bluu peke yake haionekani vizuri na asiyetofautisha rangi, wala na mtu aliyesimama kituoni Mbagala juani saa saba mchana, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa kuokoa chaji.