Mashavu ya Njano

"Shangazi, mbona huku mwanzo umeandika sana, na huku mwisho umeandika namba tu?"

Binti wa kaka yangu alikuwa ameketi sakafuni kwa Mama, Walukuba, Jinja, na lile kopo la bati la biskuti mapajani. Mimi nilikuwa nachagua mchele. Nikamjibu kwamba kalamu iliisha. Ana miaka tisa na haondoki na jibu la namna hiyo. Alifunua kurasa za mwanzo, akafunua za mwisho, akaniwekea daftari mbele ya ungo: wino ule ule wa bluu. Nikaendelea na mchele, ila vidole havikuwa vinaona mawe tena.

Mama aliuza mitumba sokoni. Kazi yangu mimi, tangu darasa la tano, ilikuwa mifuko. Belo likishakatwa kamba na nguo kumwagwa kwenye turubai, kabla Mama hajaanza kuchambua, napitisha mkono mfuko kwa mfuko. Nguo za watoto zinazotoka Uingereza zina mifuko mingi ajabu: ya nje, ya ndani, ya kwenye mkono, mwingine umejificha nyuma ya zipu. Nimetoa humo tiketi za basi, tishu zilizofuliwa zikawa unga, sarafu ambazo hakuna duka la kubadilisha fedha lililozitaka, na mara moja jino la mtoto limeviringishwa kwenye karatasi. Na kadi. Kadi za wanasoka wa Ligi Kuu ya Uingereza, zile za Match Attax zilizoanza kutoka mwaka 2007, kila mchezaji na namba zake mbili, ya kushambulia na ya kulinda. Kadi za Pokémon, wale wanyama wa katuni za Kijapani, mgongo wa bluu na mpira wa rangi mbili katikati. Wachuuzi wenzake Mama walipojua naziokota, nao wakawa wananitunzia za kwao chini ya mawe ya mizani.

Ya kwanza niliipata mwaka 2008, na ukurasa wake ninaujua kwa moyo:

"Namba 1. Imetoka jaketi la mvua, bluu, zipu mbovu, mfuko wa ndani. Mnyama mnene wa njano, ana mashavu. Pembeni pameandikwa 58/102, kwa hiyo wenzake 101 wako wapi? Chini pameandikwa Mitsuhiro Arita kwa herufi ndogo sana. Sijui ni mtu au ni mji. Juu kwenye ukingo mwenyewe ameandika kwa kalamu, kwa Kiingereza, kwamba ni yake. Jaketi limenunuliwa na mwalimu wa Masese kwa ajili ya mtoto wake wa pili. Zipu atabadilisha."

Zote nilikuwa naziandika hivyo. Nguo gani, mfuko gani, picha ina nini, nguo imekwenda kwa nani. Jioni Mama akinyoosha nguo za kesho kwa pasi ya mkaa, mimi nasoma. Yeye Pokémon hamjui, na wachezaji aliwajua wawili au watatu kwa sababu ya kelele za kaka yangu. Alichokisikiliza ni safari ya nguo. "Lile la kijani? La yule mama wa Bugembe?" Akiguna vizuri, naongeza mstari. Nilikuwa naandika ili aniulize.

Sasa Agosti 2011. Waliokuwepo Uganda wanaukumbuka mwaka ule bila kusaidiwa. Mwezi wa Aprili watu walitoka kwa miguu kwenda kazini kulalamikia bei, na kufika Agosti sukari ilikuwa haionekani madukani, hata kwetu Jinja, ambako ukitoka kidogo tu barabara ya Iganga unaingia kwenye miwa ya Kakira pande zote mbili. Tulikunywa chai bila sukari huku tunanusa moshi wa kiwanda chake. Mama alikuwa amechukua belo kwa mkopo, na belo likamsaliti: masuti ya theluji, mazito kama magodoro, nguo ambayo mtoto wa Jinja ataivaa wapi? Muhula wa tatu ulikuwa unakaribia, na ada yangu haikuwepo.

Kijana Mwingereza alikuja mezani kwetu kutafuta sweta. Alikuwa amefikia kule Bujagali, kwenye zile kambi za watu wanaoshuka mto kwa maboti ya mpira, maporomoko yalipokuwa bado yapo. Akaziona kadi zangu nilivyozipanga pembeni ya meza, akapiga magoti. Kweli alipiga magoti, kwenye matope ya soko. Alizijua zote. Alizikusanya alipokuwa mdogo, akasema, na mama yake akazigawa alipokwenda chuo. Akaniuliza kama nitaziuza. Nikamtazama Mama. Mama akatazama masuti ya theluji. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Kesho yake akarudi. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu nimekuwa nikipapita mbio kwa miaka mingi.

Mama alimpa kile kigoda chetu. Akaomba kitu kisafi cha kuwekea, Mama akatandika foronya nyeupe juu ya meza. Nilikuwa na kadi 117. Akaanza kuzishika moja moja, kwa ncha za vidole, pembeni tu, hagusi uso. Anaiinamisha ipate mwanga wa upande. Anatazama kona nne. Anaigeuza, anatazama kona nne tena. Halafu anaiweka: kushoto, katikati au kulia. Haongei. Mafungu matatu yakaanza kukua juu ya foronya.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono begani kwangu. Akaninong'oneza, "Anachambua."

Na mimi wakati huo huo nikawa nimeona. Vile vile. Tangu nizaliwe nimemwona Mama akifanya hivyo juu ya turubai: kamera huku, kama wanavyoziita wa soko la Gikomba, Nairobi, zile nguo za kwanza kabisa, za pili hapa, na za tatu kule, zinazouzwa kwa fungu au kukatwa matambara. Mkono wake huwa haukosei. Anashika kola, kwapa, goti, anarusha. Nilikuwa nimelelewa na kazi hiyo, nikashiba kwa kazi hiyo, na haikuwahi kunijia kwamba kadi zangu nazo zinaweza kuchambuliwa. Kwangu zilikuwa zinafuatana kwa namba ya siku niliyozipata. Ya 40 haikuwa bora kuliko ya 41. Ilikuja kabla yake, basi.

Akafika kwenye namba 1. Nilimjua yule mnyama hata kabla hajamgeuza, kwa kona yake iliyokunjika. Akatabasamu. Akamsogeza karibu na macho kabisa, nikadhani anasoma jina la Arita, na moyo ukanidunda kwa furaha, nikasema sasa ataniambia kama ni mtu au ni mji.

"Mashavu ni ya njano," akasema. Akaeleza kwa upole kwamba katika chapa za mwanzo kuna chache ambazo mashavu ni mekundu, na hizo ndizo watu wanazozitafuta. Akanionyesha na ile kalamu ukingoni. Akaiweka kulia.

Hakuwa na ubaya wowote. Nataka hilo lieleweke. Alihesabu mbele yetu: kushoto 22, katikati 64, kulia 31. Akalipa za kushoto na za katikati, shilingi 120,000, na hakuomba kupunguziwa, jambo ambalo Mama alilitaja kwa wiki nzima. Zile 31 akanirudishia, amezipanga vizuri na kuzifunga kwa mpira wa nywele. Nikaenda shule muhula wa tatu. Nusu kilo ya sukari ilinunuliwa pia, jioni ile ile, kwa bei ambayo Mama alikataa kututajia.

Nilidhani kitu pekee kilichoondoka ni kadi. Mifuko si ipo? Na kweli, wiki iliyofuata nikapata nyingine, kwenye kaptura ya shule ya kijivu. Lakini jinsi nilivyoitoa! Nikaishika kwa ncha za vidole. Nikainamisha ipate mwanga. Nikatazama kona. Kaptura nilikuwa nimeshaitupa kwenye rundo, na nilipokaa na daftari jioni sikukumbuka ilikuwa na mifuko mingapi, wala nani aliichukua. Nikaandika: "118. Mia tano."

Mama alikuwa ananyoosha. Akaniuliza, "Leo hakuna kadi?"

"Ipo, Mama. Ya mia tano."

Akasubiri. Niliendelea kutazama ukurasa. Makaa ndani ya pasi yakawa yanalia, naye akanyoosha mkono wa shati ambao tayari ulikuwa umenyooka. Baada ya siku kadhaa akaacha kuuliza, na mimi nikafika namba 136, nikaacha kuandika.

Nimekuwa nikiilaumu foronya ile. Lakini nikijitazama kwa haki, nilikuwa na miaka kumi na minne, wenzangu walikuwa wameanza kuona haya kuonekana sokoni, na huenda ingekufa yenyewe bila mtu kuja na fedha. Labda shauku ya kitu ina umri wake kama meno ya utoto. Sijui. Ninachojua ni kwamba sikuacha kuzipenda kadi. Niliacha kuzisimulia, na zisiposimuliwa zikawa vipande vya karatasi ngumu ndani ya kopo.

Kwa sababu baadaye, nikiwa Kampala na simu yenye intaneti, nilisoma yote ambayo yule msichana wa daftari alikuwa anauliza. Mitsuhiro Arita ni mtu: mchoraji Mjapani, na picha zake zimo katika kadi za Pokémon tangu zilipotoka Japani mwaka 1996, kabla ya zile za Kiingereza. Nikasoma kwamba kadi za kukusanya zilianza Marekani kama kipande cha kukaza paketi ya sigara isipondeke, mpaka mtu akafikiria kuweka picha. Nikasoma kuhusu makampuni yanayofungia kadi ndani ya plastiki ngumu na kuipa alama, 1 mpaka 10. Kuna mzigo wa kadi za besiboli za kampuni ya Topps za mwaka 1952 ulioshindikana kuuzwa. Sy Berger, aliyezitengeneza, alisimulia kwamba mwaka 1960 aliupakia kwenye boti akaumwaga baharini. Mwaka 2022 kadi moja ya toleo hilo, ya mchezaji Mickey Mantle, iliuzwa dola milioni 12.6. Nilipomsomea Mama habari hiyo kwenye simu, alichouliza ni kama yale maboksi yalizama au yalielea.

Nilicheka, nikamwambia sijui, simu ikaita, tukayaacha hapo. Ni Jumamosi hii ndipo nilipotambua kwamba lile lilikuwa swali la pasi. Lilikuwa limekuja kunitafuta, na mimi nikapokea simu.

Binti hakuwa amemaliza. Alipoona sina jibu la namba, akalitua daftari, akafungua ule mpira wa nywele, ambao kwa kukauka ukakatika mkononi mwake, na akazitandaza zile 31 sakafuni. Hakuzichambua. Alizigeuza zote uso juu, akazisogezasogeza mpaka akapata kitu alichokitaka, akakiokota. Namba 1. Kona imekunjika zaidi siku hizi, na rangi ya ukingo imefifia karibu na ile kalamu.

Akasoma maandishi kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha shule. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Shangazi, alilia?"

"Nani?"

"Huyu aliyeandika ni yake. Jaketi lake lilipokwenda."

Miaka yote. Nimeandika jaketi limenunuliwa na nani, nimeandika zipu, nimeandika mfuko wa ndani, na sijawahi hata mara moja kumfikiria mtoto akirudi nyumbani siku ya mvua, anafungua kabati. Mama alikuwa kitandani chumba cha pili, magoti yanamsumbua, nikadhani amelala. Akaitikia kutoka kule, "Alilia. Mtoto aliyeandika jina kwenye kitu hawezi kukosa kulia."

"Labda hakukumbuka ameiweka wapi, Bibi," binti akasema.

"Basi aliitafuta."

Wakaendelea hivyo, mmoja chumbani na mmoja sakafuni, wanabishana kuhusu mtoto wa Uingereza ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi na pengine watoto wake. Mchele ukawa unanisubiri kwenye ungo. Nikafuta mikono kwa kanga, nikaomba kalamu ya shule ya binti.

Chini ya 136 kuna mistari mitupu kumi na mmoja, nimeihesabu. Kwenye wa kwanza nimeandika swali lake, na tarehe. Kalamu nimemrudishia, na tangu Jumamosi sijaongeza kitu, ingawa daftari sikulirudisha kwenye kopo.