Usiku wa Kukaanga Unga wa Busaa

Kitinda mimba wangu anajiandaa kwa mtihani wa biolojia. Jana jioni aliniuliza: mbegu iliyofukiwa gizani, bila hata jani moja, hupata wapi sukari ya kuotea? Nikamjibu hapo hapo kwamba ndani ya mbegu mna wanga, na mbegu ikilowa huamsha vimeng'enya vya kuukata wanga huo uwe sukari. Akanitazama. Anajua mamake ni mtu wa hesabu, si wa sayansi.

Hilo sikulisoma darasani. Nilifundishwa na Senge, shangazi yangu, uani kwake kule Kimilili, magharibi mwa Kenya, Agosti ya 2004.

Mwaka huo ulikuwa wa tohara. Kwetu Wabukusu wavulana hutahiriwa Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kijana wa Senge alikuwa tayari anazunguka kwa wajomba zake, kengele mikononi, kuwaita waje. Tohara bila busaa, pombe yetu ya mahindi na ulezi, haipo. Mabinti wa Senge walikuwa wameolewa mbali, naye mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, kwa hiyo akaniita mimi niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya nyumbani. Mama akaniruhusu niende "kusaidia jikoni." Sidhani kama hakujua jikoni kwa wifi yake kunapikwa nini.

Mama alikuwa mtu wa kanisa la Friends, la hao Quaker waliofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakajenga misheni Lugulu, karibu na kwetu. Mtu wa Friends hanywi pombe, hapiki, wala hauzi. Lakini Senge, dadake Baba, alikuwa mpishi wa busaa anayejulikana kijijini, na karo ya muhula wangu wa mwisho ilitoka kwenye mitungi yake. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hilo lilikuwa baina yao, na mimi nililijua tu kama watoto wanavyoyajua mambo ya wakubwa.

Nilipofika, ulezi ulikuwa umekwisha kulowekwa, ukafungwa guniani mpaka ukatoa vimizizi vyeupe. Tuliuanika, tukaupeleka kusagwa, nao ukawa kimea. Unga wa mahindi ulikuwa umekandwa na maji ukaachwa kwenye pipa siku kadhaa hadi ukachachuka. Haya yalikwenda haraka. Kilichobaki kichwani mwangu hadi leo ni usiku wa kukaanga.

Juu ya mawe palilazwa bati nene lililopasuliwa kutoka kwenye pipa kuukuu, na chini yake kuni za mkaratusi. Unachota donge la unga mchachu, unalimenyua kwa vidole juu ya bati, kisha unageuza kwa beleshi bila kupumzika, maana ukiacha kidogo upande wa chini unaungua. Mvuke wa kwanza ni mkali, unachoma macho na kukausha koo. Senge aliketi kwenye kigoda nyuma yangu. Hakunishika mkono hata mara moja. Alisema tu, "Usiangalie rangi, mwana wangu. Usiku rangi inadanganya. Sikiliza."

Nikasikiliza. Mwanzoni beleshi lilikuwa likizama kimya, unga mzito, wenye maji, unaong'ang'ania chuma. Niligeuza hadi mabega yakawaka moto. Kisha harufu ya uchachu ikaanza kurudi nyuma, ikaja ya mahindi ya kuchoma, halafu nyingine chini yake, tamu, ambayo sikuwa na jina lake. Na hapo ndipo sauti ilipobadilika. Ule unga ukaanza kuchakarika juu ya bati, punje kwa punje, kama mvua ya kwanza kwenye majani makavu ya mahindi. Senge alisikia kabla yangu. "Sasa," akasema. Nikauvuta kando na kutandaza donge jingine.

Tulikaanga hadi majogoo. Unga wote ulipokwisha kukaangwa tuliumwaga juu ya turubai, nami nikanyanyua debe la kimea. Senge akaweka kiganja juu ya mdomo wa debe.

"Kimea ni kitu hai. Ukikitia kwenye moto umekiua, na wazee watakunywa uji."

Akapenyeza kifundo cha mkono ndani ya unga, akangoja, akautoa. Bado. Tukakaa. Siku hizi najua maelezo yake: wanga wa mahindi lazima uive kwanza ndipo vimeng'enya viupate kwa urahisi, lakini vimeng'enya vyenyewe havistahimili moto. Wanaopika bia ya shayiri hupima maji kwa kipimajoto, nyuzi 65 hivi. Senge alipima kwa ngozi ya mkono, na sijaona kipimo nilichokiamini zaidi.

Busaa ilitoka vizuri. Siku ya sherehe wazee waliketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, nami nikawa mpelekaji wa maji ya moto ya kuongezea. Mzee mmoja aliuliza nani kapika. Senge akaninyoshea kidole mbele ya ukoo mzima. Mama alikuwa pale pale, upande wa akina mama wa kanisa, kikombe cha chai mkononi. Aliniona, nami nikamwona. Njiani kurudi nyumbani aliuliza mgongo wa Senge unaendeleaje, basi.

Watu wa mbali huchanganya busaa na chang'aa, wakasema pombe za kienyeji zote ni moja. Si kweli: chang'aa hukenekwa, yaani huchemshwa mvuke wake ukakusanywa, na ukali wake ni wa namna nyingine kabisa. Busaa hushibisha. Hata hivyo siwezi kusimama hapa nikasema haina madhara. Nimezika watu wa ukoo wetu waliomalizwa na kunywa, na wengine walianzia kwenye chungu. Mama aliyaona hayo mapema kuliko mimi.

Wote wawili wametangulia, Mama kisha Senge, na sikupata kuwauliza walikubaliana nini juu yangu Agosti ile. Mimi bado ni wa Friends na sinywi. Ila mhubiri anaposema kwamba anayepika busaa anafanya kazi ya shetani, kanisa zima huitikia amina, na mdomo wangu haufunguki.