Chumvi, Mionzi na Zaburi ya 91

Somo: Zaburi 91:1-13, Mathayo 4:5-7, Luka 13:1-5

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zaburi ya 91 tunaipenda. Tunaisoma kabla ya safari, tunaiomba juu ya wagonjwa, wengine wameibandika juu ya mlango. Wiki hii naomba tukae kwenye mistari miwili tu: "Hutaogopa hofu ya usiku, wala mshale urukao mchana, wala tauni ipitayo gizani, wala uele uharibuo adhuhuri." Mshale unaweza kuuona ukija. Tauni ipitayo gizani huioni, nayo hutesa moyo hata kabla ya kugusa mwili.

Mionzi ya nyuklia ni ya namna hiyo. Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitikisa kaskazini-mashariki mwa Japani. Tsunami iliyofuata iliacha watu wapatao 18,000 wakiwa wamekufa au hawajulikani walipo. Maji yaliingia katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi na kuzima jenereta za dharura. Bila umeme wa kuvipoza, vinu vitatu, yaani mitambo inayozalisha joto la nyuklia, vikayeyuka kwa ndani. Watu zaidi ya 150,000 walihama makwao.

Hofu nayo ilisafiri, na ilikwenda mbali kuliko mionzi. Siku chache tu baadaye, China, watu walijazana madukani kugombea chumvi. Wengine waliamini chumvi yenye madini joto, yaani iodini, itawakinga, wengine walidhani bahari itachafuka na chumvi safi haitapatikana tena, ingawa sehemu kubwa ya chumvi ya nchi ile haitoki baharini. Ili upate iodini inayolingana na kidonge kimoja cha dharura, kile kinachokinga tezi ya shingoni isinyonye iodini ya mionzi, ungelazimika kula kilo kadhaa za chumvi, na chumvi ndiyo ingekuua kwanza. Huko Ufilipino ulizagaa ujumbe wa simu uliodai kuwa umetoka BBC, ukiwaambia watu wajikinge na mvua na wajipake dawa ya iodini shingoni. Ulikuwa wa uongo, lakini chuo kikuu kimoja kilisitisha masomo siku hiyo. Marekani, ng'ambo ya Bahari ya Pasifiki, vidonge vya iodini viliisha madukani.

Nisieleweke vibaya: siwacheki. Watu wale walikuwa na sababu ya kutoamini wanachoambiwa. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, huko Ukraine iliyokuwa chini ya Muungano wa Kisovieti, kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, dunia ya nje haikupata habari kutoka Moscow. Ilishtuka siku mbili baadaye, baada ya vipimo vya kituo cha Forsmark kule Sweden kuonyesha mionzi isiyo ya pale. Tarehe 1 Mei watoto wa Kyiv waliandamana barabarani kwenye sherehe za Mei Mosi, na wakubwa walikuwa wanajua. Watoto wengi waliokunywa maziwa yaliyochafuliwa katika maeneo yale waliugua baadaye saratani ya tezi ya shingoni, na hesabu yao ni maelfu. Serikali ikidanganya mara moja kwa jambo kama hilo, kizazi kinachofuata kitanunua chumvi. Mzigo wa dhambi hii ninauweka kwanza kwa walioficha, ndipo nije kwa walioogopa.

Lakini Mungu "hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi" (2 Timotheo 1:7). Na kwenye mionzi swali la kwanza ni kiasi. Aliyeinama juu ya jiko la kuni anatoka machozi, aliye mwisho wa kijiji huenda akasikia harufu tu. Mwezi ule ule wa Machi, maziwa yaliyopimwa Spokane, jimbo la Washington, yalikutwa na iodini ya mionzi kutoka Japani. Ni kweli ilifika. Ila ilikuwa chini ya kiwango cha hatari mara 5,000 hivi, na iodini ya aina ile hupungua kwa nusu kila siku nane. Aliyesema "imefika" alisema kweli. Aliyesikia "tumekwisha" aliongeza la kwake.

Sasa tuitazame Mathayo 4. Shetani alipomsimamisha Bwana juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, alinukuu zaburi gani? Hii hii ya 91. Kwa hiyo kuikariri si kinga. Yesu alikataa kuigeuza ahadi ya Baba kuwa ruhusa ya kujitupa. Anayeishi karibu na kinu kilichopasuka akiambiwa na serikali ahame, ahame. Asibaki nyumbani akisema damu ya Yesu inatosha. Na mwenye kukaa mbali asijitupe kwa upande wa pili, kwa kumeza vidonge ambavyo hakuandikiwa na daktari au kusambaza ujumbe ambao hajui umetoka wapi. Kutoka 23:1 inakataza kuvumisha habari za uongo, na sioni mahali panaposema isipokuwa kwenye kundi la maombi. (Mnajua ninachosema. Ujumbe ukianza na "Tafadhali watumie wapendwa wako wote", kwetu sisi unapata mbawa.)

Kuna jingine baya zaidi ya uvumi. Maiti zikiwa bado zinatafutwa kwenye tope, gavana wa Tokyo wa wakati huo, Shintaro Ishihara, alisema tsunami ile ni adhabu ya mbinguni kwa ubinafsi wa taifa. Kesho yake aliomba radhi. Wahubiri wangapi wamesema maneno kama hayo na hawajaomba radhi mpaka leo? Bwana aliulizia habari za wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageuzia wasikilizaji wito wa kutubu. Hakuwaruhusu kusimama mbali na kuwahesabia wafu dhambi zao.

Na hapa ndipo ninapoumia. Wakati dunia inauliza "itatufikia?", wagonjwa wazee wa hospitali moja karibu na kituo kile walikuwa wanazungushwa kwenye mabasi kwa saa nyingi bila matibabu, na zaidi ya 40 walikufa. Kuhama na shida zake vimehusishwa na vifo zaidi ya 2,000 katika mkoa wa Fukushima, wengi wao wazee. Watoto waliohamia mikoa mingine walitengwa shuleni. Yokohama mtoto mmoja aliitwa kijidudu na wenzake. Nikisoma hayo nawaona wakoma waliosimama nje ya mji, kwa sababu ya kitu ambacho hakuna jicho lililokiona.

Lakini kulikuwa na wengine. Mhandisi mstaafu Yasuteru Yamada, akiwa na miaka 72, aliwakusanya wazee wenzake zaidi ya 200 wakajitolea kuingia kufanya kazi kituoni badala ya vijana, kwa hoja kwamba saratani ya mionzi huchukua miaka mingi kutokea na wao miaka yao imebaki michache. Sijui imani yake. Najua Yohana 15:13: hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Na kanisa moja la Kibaptisti la Okuma, umbali wa kilomita chache kutoka kituoni, lilihama pamoja na mchungaji wake Akira Sato. Washirika wapatao sitini, wazee kwa watoto, waliishi karibu mwaka mzima kwenye kambi ya Kikristo ya Okutama, magharibi mwa Tokyo, kisha wakajenga upya huko Iwaki.

Katika maombi ya wiki hii tuwataje kwa jina la mahali: watu wa Okuma na Futaba, miji iliyo karibu na kituo kile, ambao baadhi yao hawajarudi nyumbani. Tuwaombee wavuvi wa Fukushima, ambao mwaka 2023 samaki wao walikataliwa tena baada ya maji yaliyosafishwa ya kituo kuanza kumwagwa baharini. Na tuwaombee wafanyakazi wanaoondoa mabaki ya mafuta ya nyuklia yaliyoyeyuka ndani ya vinu. Yanakadiriwa kufikia tani 880. Novemba 2024 walifanikiwa kutoa kipande cha kwanza, chini ya gramu moja.

Amina.