Siku moja maishani mwangu: kurusha anga zima mubashara hadi kwenye kuba

Aprili 8, 2024, Carbondale, Illinois. Leo jua linapatwa kabisa hapa, na watazamaji walioketi kwenye ukumbi wa kuba, ule ambao dari lake la mviringo ndilo skrini, mbali na njia ya kivuli cha mwezi, wanategemea kamera zetu.

Saa 12 asubuhi. Nafunga kamera ya lenzi ya jicho la samaki, imeelekea juu. Inatoa picha ya duara, pikseli 4096 kwa 4096: anga lote hadi kwenye upeo.

Saa 3. Kujaribu laini ya intaneti. Kwa fremu 30 kila sekunde, picha hiyo bila kubanwa (kupunguzwa data yake) inataka zaidi ya gigabiti 12 kwa sekunde. Laini yetu haibebi mzigo huo, kwa hiyo tunabana, ila kwa kiasi. Ukizidisha, weusi wa anga unakatika mistari mistari, na kwenye kuba kila mstari una urefu wa mita kadhaa. Intaneti ya simu siigusi. Umati ukishajaa, minara inaelemewa.

Saa 5. Mwenzangu wa ukumbini anauliza kaskazini iko upande gani. Tunaizungusha picha mpaka jua likae mbele ya viti.

Saa 6:43 mchana. Mwezi unaanza kulimega jua. Kwenye picha ya duara jua lina upana wa pikseli 12 hivi, huoni kilichomegwa. Ndiyo maana kuna kamera ya pili kwenye darubini yenye kichujio. Picha yake inawekwa juu ya ile kubwa.

Saa 7:59. Giza! Kichujio kinatoka. Kamera ya anga nimeizuia isijirekebishe mwanga, la sivyo ingegeuza giza kuwa mchana. Taji jeupe la jua, yaani gesi inayolizunguka, sayari za Zuhura na Mshtarii, na rangi ya machweo pande zote za upeo kwa wakati mmoja. Runinga hukuonyesha jua tu. Haya ya pembeni yanataka kuba. Sisi huku tumeshapiga kelele, sekunde chache baadaye nasikia ukumbi mzima ukilipuka masikioni mwangu. Picha imefika!

Saa 8:03. Kichujio kinarudi haraka, kabla jua halijaunguza kamera.

Saa 9:18 alasiri. Mwezi umeliachia jua. Nanakili rekodi halisi kwenye diski mbili, maana kilichorushwa kilibanwa, na watakaokuja ukumbini kesho wanastahili kuiona ile isiyobanwa.