Zamu yetu ya kutega

Jumamosi usiku, baada ya isha

Kesho saa kumi alasiri tunatega. Desturi ya kundi letu ni hiyo: wawili wanatega, watano wanaingia chumbani kutegua, dakika 60. Mchezo huu wa kufungiwa chumbani na kutafuta njia ya kutoka kwa kufumbua mafumbo ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, lakini mtu aliyekua akiitikia "Tega!" kila aliposikia "Kitendawili!" anaujua utamu wake tangu utotoni. Safari hii chumba ni ghala la karafuu: magunia, mizani, bao, saa ya mishale, kanzu iliyotundikwa msumarini, na makufuli matano. Haya nayaandika sasa, nitayaweka wazi keshokutwa wakishatoka.

Chumba ni cha nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, chembamba na kirefu, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali. Upana ni kama mita tatu tu. Ukiweka mafumbo mawili pembe moja, watu watano wanasongamana hapo na nusu yao hawaoni kitu. Kwa hiyo mizani iko mwisho huu, bao mwisho ule, saa katikati ya ukuta mrefu.

Fumbo ninalolipenda zaidi ni la bao. Limewekwa kama linavyoanza: upande mmoja uko kamili, nyumba, yaani shimo kuu, ina kete 6 na mashimo mawili ya kulia kwake yana 2 na 2. Upande wa pili hauna kete hata moja, na pembeni kuna kikapu chenye kete 32. Anayejua bao ataanza kupanga bila kuambiwa, naye akimaliza atabaki na kete 22 mkononi, zile za kunamua, yaani za kuingizwa moja moja mchezo ukianza. Kufuli lina tarakimu tatu, 6-2-2, na 22 ndiyo inayomthibitishia kwamba amepanga sawa. Asiyejua bao hakosi njia, kwani anaweza kuiga upande uliojaa. Fumbo linalotaka ujuzi wa mtu mmoja lazima liwe na mlango wa pili kwa wengine, la sivyo wanne wanabaki kumtazama mmoja akicheza.

Saa ndiyo iliyotusumbua. Mishale inaonesha 10:15, na hapa kwetu hiyo ni saa nne na robo. Basi jibu ni 1015 au 415? Yote mawili ni sahihi, na fumbo lenye majibu mawili sahihi ni kosa la mtegaji, si la mtegua. Dawa yake ni kufuli lenyewe: tumeweka la tarakimu tatu, na chini ya saa tumetundika kibao cha adhana ya alfajiri kilichoandikwa "saa kumi na moja", ili mtu aone kwamba ghala hili linahesabu saa kwa Kiswahili. Mizani ina hatari ileile. Magunia yameandikwa frasila 1, 2 na 3, na frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo jumla ni ratili 210. Anayewaza kilo atahesabu takriban 16 kwa frasila na kupata 96. Neno "ratili" limechorwa kwenye sahani ya mizani kwa rangi nyekundu, na jedwali la vipimo liko ukutani.

Tochi ya miale ya urujuanimno (UV) ina mtego wake. Sabuni za unga nyingi zina dawa ya kung'arisha weupe, na dawa hiyo inawaka buluu chini ya miale hiyo. Kanzu nyeupe iliyofuliwa jana itang'aa yote, mwandiko wa siri ukapotea ndani yake. Karatasi nyeupe ya ofisini nayo vivyo hivyo. Tumeandika kwenye karatasi ya kaki na kuikunja ndani ya mfuko wa kanzu. Kanzu inayong'aa inamwita mtu, karatasi ndiyo inayosema.

Hewa ya bahari haina huruma na makufuli. Ya chuma yanashika kutu na magurudumu ya namba yanakuwa mazito, mtegua akadhani amekosea namba kumbe namba ni yenyewe. Tunatumia ya shaba, na badala ya mafuta, ambayo yanakusanya vumbi, tunapuliza unga wa risasi ya penseli. Kabati la mwisho limeshikwa na sumaku ya umeme yenye nguvu ya kushikilia kilo 280. Inakula karibu nusu ampia kwa volti 12. Betri ya saa-ampia 7 kwa karatasi ingekaa saa 14, lakini betri ya asidi haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu, basi mimi nahesabu saba. Bila betri, umeme ukikatika tu sumaku inaachia na kabati linafunguka kabla ya wakati wake.

Mlango wa kutokea haufungwi kabisa. Unarudishwa tu, na unafunguka kwa mkono kutoka ndani. Januari 2019 wasichana watano wa miaka 15 walikufa kwa moto katika mchezo kama huu mjini Koszalin, Poland. "Kufungiwa" kwetu ni maneno, na kila anayeingia anaoneshwa mlango kabla saa haijaanza.

Wategua wenyewe nawaombea jambo moja, waseme. Kila mtu ataje kwa sauti anachokiona: "Nina kikapu cha kete." "Kuna namba nyekundu hapa." Timu nyingi hukwama kwa sababu kipande kimoja kiko mkononi mwa mtu aliyenyamaza akikifikiria peke yake. Kilichokwisha kutumika kiwekwe kwenye mkeka mmoja, na ufunguo ubaki ndani ya kufuli lake. Kubahatisha namba kunafaa tu ikibaki tarakimu moja, majaribio kumi. Tarakimu tatu ni majaribio 1,000, na kwa sekunde mbili kila moja ni zaidi ya nusu saa. Wakikaa dakika saba bila kusogea tunawapa dokezo, wasiwasi usije ukageuka hasira.

Kazi iliyobaki usiku huu: kuchaji betri, kufungua na kufunga kila kufuli mara tatu, na kuhesabu kete tena. Kwenye bao 10, kikapuni 32, jumla 42. Jioni zilikuwa 41.