Siku moja ya mkaguzi wa vivuko vya waenda kwa miguu

Saa 11:30 alfajiri. Kazi inaanza kabla ya jua kwa sababu gizani kasoro huonekana upesi. Kivuko kina mistari mizuri, ila taa ya barabarani imewekwa baada yake, hivyo anayevuka humjia dereva kama kivuli. Taa inatakiwa iwe mita chache kabla ya kivuko, immulike mtu upande unaotazamana na gari. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hula karibu mita 28 mpaka lisimame, lami ikiwa kavu na dereva akiwa macho. Kwa 30, ni mita 13 tu.

Saa 1 asubuhi. Zamu ya tochi ya kupimia mwendo. Nasimama mahali ambapo madereva hawanioni, maana wakiona tochi wote wanakuwa wastaarabu. Napima magari yasiyopungua 100 ambayo hayajazuiwa na gari la mbele, kisha natafuta mwendo ambao 85 kati ya kila 100 hayauzidi. Kibao kikisema 50 na hesabu ikatoa 70, kuongeza kibao kingine ni kupoteza rangi. Barabara pana na nyoofu yenyewe inamwambia dereva akanyage mafuta.

Saa 2. Wanafunzi na wafanyakazi wamefurika, na hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Basi linasimama njia ya kwanza kumpisha mtoto. Mtoto anaona amepishwa, anakimbia. Dereva wa njia ya pili haoni mtoto, anaona basi lililosimama tu, analipita. Dereva wa basi alikuwa na nia njema kabisa! Ndiyo maana mistari mitupu kwenye barabara yenye njia mbili kila upande ni hatari.

Saa 4. Gurudumu la kupimia linasoma mita 14 kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu mzima huhitaji sekunde 12. Mzee anayetembea polepole, karibu 16. Kisiwa cha katikati kinampa pumziko, lakini kiwe na upana wa mita 2, la sivyo kiti cha magurudumu kitabaki kimechomoza barabarani.

Saa 7 mchana. Kumbukumbu za hospitali, kwa kuwa majeruhi wengi hawafiki kwenye vitabu vya polisi. Bampa huvunja mguu wa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo, sehemu ya mbele ya gari hupiga juu zaidi, hata kifua au kichwa. Mfupa wa paja ukivunjika, zaidi ya lita moja ya damu inaweza kuvujia ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Kumpakia majeruhi huyo kwenye pikipiki ni kumwongezea madhara. Mlazeni, kichwa kishikwe kisiyumbe, jeraha likandamizwe kwa kitambaa, mguu ufungwe na ubao, afunikwe apate joto.

Saa 10 jioni. Mapendekezo: kivuko kiinuliwe sentimita 10 kiwe tuta bapa, njia moja ipunguzwe kila upande, kituo cha basi kihamishiwe baada ya kivuko ili abiria wavukie nyuma ya basi. Fedha za zege zikichelewa, rangi na nguzo za plastiki zinatosha kuanzia. Zikishawekwa, tochi inarudi palepale, saa ileile, kupima upya.